Vipele Nilivyovificha

Kama unasoma haya ukiwa umekaa kwenye benchi la hospitali, na ndani ya gauni lako kuna mahali panakuwasha ambapo hutaki mtu apaone, basi nakuandikia wewe. Wengine wasome tu wakipenda, lakini niliyemkusudia ni wewe. Mimi si nesi wala sijui dawa zinavyotengenezwa. Nilisoma mpaka darasa la nne katika shule ya misheni kule kwetu milimani Usambara, na darasa hilo la nne ndilo lililokaribia kuniua, maana lilinifanya nijione najua kuliko watu wasiokwenda shule.

Jina langu ni Esta. Miaka miwili iliyopita, katika hii miaka ya hamsini, mimi na mume wangu, Baba Neema, tulikuwa tunafanya kazi kwenye shamba la mkonge upande wa Maramba. Yeye alikuwa kwenye mashine ya kukwangua majani, na mimi nilikuwa pamoja na wanawake wengine tukianika katani kwenye waya. Kuanika si kazi nzito, ila unasimama juani kutwa nzima na unatembea kwenye nyasi bila kutazama chini. Masika yalipokuwa yanaisha nilichutama kuokota fungu lililoanguka, nikachomwa na ncha ya jani la mkonge lililojificha nyasini. Asiyeujua mkonge hudhani ni jani tu. Ncha yake ni mwiba mweusi, mgumu kama msumari. Uliingia kwenye shavu la mguu wa kulia. Nikauchomoa, nikafunga kitambaa, nikaendelea kuanika, na sikujua kwamba kipande kimebaki ndani.

Baada ya siku nane mguu ulikuwa umevimba mpaka ngozi inang'aa. Zahanati ya shamba walinipaka dawa nyekundu, wakanipaka tena, wakasema nipumzike. Homa ikapanda, nikawa naongea na marehemu mama yangu mchana kweupe. Hapo Baba Neema akanibeba akanipakia kwenye basi la Tanga. Alikaa mguu wangu ukiwa mapajani mwake njia nzima, na abiria waliokuwa karibu walifungua madirisha kwa ajili ya harufu. Nilimwona jinsi alivyokuwa anatazama mbele tu, na nikajua ananiogopea.

Daktari wa hospitali kubwa alikuwa Mzungu mwembamba mwenye Kiswahili kidogo. Aliupasua mguu, akatoa usaha, akatoa na kile kipande cha mwiba, akanionesha kwenye kisahani. Kisha alifanya jambo ambalo silisahau. Alichukua kijiti chenye dawa ya zambarau akachora mstari kuuzunguka mguu wangu, vidole vinne chini ya goti. Wekundu ulikuwa umefika kwenye mstari huo. Akaongea na dresa wake, msaidizi wa kufunga vidonda na kuchoma sindano, na dresa akanigeukia.

"Mama Neema," alisema, "daktari anasema utachomwa sindano kumi na mbili za penisilini, moja kila asubuhi. Wekundu ukishuka chini ya mstari, tumeshinda. Ukipanda ukafika gotini, mguu unakatwa, na unakatiwa huku juu." Akanionesha kwa kiganja katikati ya paja.

Dresa huyo aliitwa Kamili, Mbondei wa Muheza, mtu mnene mwenye sauti ya kusikika mpaka barabarani. Ndiye aliyekuwa akichoma sindano zote za asubuhi. Kuanzia siku ile maisha yangu yakawa ni mambo mawili tu, mstari wa zambarau na sindano ya Kamili.

Sindano yenyewe ilikuwa nyeupe na nzito. Sisi wa benchini tuliiita sindano ya maziwa. Iliuma kwa namna yake, maumivu yanayokwenda polepole mpaka kwenye nyonga na kukaa huko. Lakini niliipenda, sioni haya kusema. Sindano ya kwanza homa ilipungua. Ya pili nikaomba uji. Ya nne Baba Neema alipima kwa kidole akakuta wekundu umeshuka chini ya mstari upana wa ukucha, akalia, akasingizia mafua.

Baada ya sindano hiyo ya nne wodi ilikuwa imejaa, na sisi tuliokuwa na ndugu mjini tukaambiwa tulale kwao tuwe tunakuja asubuhi. Baba Neema alirudi shamba. Mimi nikahamia Nguvumali kwa Bi. Tunu, shangazi yake, aliyeolewa na Mdigo zamani, akasilimu, na akabaki mjini baada ya mumewe kufariki. Bi. Tunu alikuwa mfupi, mkavu, na mdomo wake hauna likizo. Kila asubuhi aliazima baiskeli ya jirani fundi cherehani, akanikalisha kwenye kiti cha nyuma mguu ukining'inia, akaisukuma kwa miguu kutoka Nguvumali mpaka hospitalini, kanga imefungwa kiunoni. Watu wakicheka aliwauliza kama kwao hakuna wagonjwa.

Nje ya chumba cha sindano palikuwa na mabenchi mawili yaliyotazamana, na katikati njia ya machela. Mmoja akiitwa, wote tulijisogeza nafasi moja. Ndani ulisikia sindano za kioo zikigongana kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Kabla ya kumwingiza mtu, Kamili alisimama mlangoni akauliza maneno yaleyale kwa sauti yake ileile. "Homa? Kuharisha? Vipele?" Ukijibu hakuna mara tatu, unaingia.

Sasa hapa nisikilize vizuri, maana kosa langu lilizaliwa hapa. Kipupwe kile mjini kulikuwa na surua. Nilikuwa benchini siku mama mmoja alipoitwa na mwanawe, Kamili akaona vipele usoni mwa mtoto, akawatoa kwenye foleni na kuwapeleka nyumba ya nyuma walikotengwa, na benchi likapigwa deki kwa dawa. Tangu hapo hakuna aliyekuwa na shaka juu ya swali la tatu. Sote tulijua Kamili anawinda surua. Tena kulikuwa na jambo jingine ambalo kila mtu wa pwani analijua tangu utotoni, na hata sisi wa milimani tunalijua: mwenye surua hachomwi sindano. Ukimchoma, wanasema, surua inarudi ndani na kumuua. Kwa hiyo mtu akijibu ana vipele, sindano hapati. Hakuna aliyetueleza kwamba swali lile lina kazi nyingine, na hakuna katika sisi aliyeuliza.

Alasiri ya siku ya sindano ya saba Shangazi alikuwa ananisugua mgongo uani. Mkono wake ukasimama.

"Mama Neema, hii nini?"

Nilikuwa nimehisi kuwashwa tangu mchana, nikadhani ni kunguni. Nilipojitazama tumboni niliona mabaka yaliyovimba, makubwa na mekundu, kama mtu aliyepita kwenye upupu. Yalikuwa mgongoni, tumboni, na ndani ya mapaja.

"Surua hiyo," Shangazi alisema. "Kesho huendi kuchomwa."

"Surua niliugua nikiwa mtoto, Shangazi. Haiji mara mbili."

"Ya watu wazima hiyo. Nnakwambia huchomwi. Utakaa ndani nikuogeshe mwarobaini mpaka itoke yote."

Niliutazama mguu. Wekundu ulikuwa umeshuka vidole viwili chini ya mstari, na bado zilibaki sindano tano. Nilifikiri habari ya kukaa siku saba ndani bila sindano, nikaona wekundu unapanda tena, nikaona na kile kiganja cha Kamili kikionesha katikati ya paja. Nilikuwa na mtoto wa miaka mitatu huko Maramba kwa dada yangu. Nani anamwajiri mwanamke wa mguu mmoja kuanika katani? Nikamwambia Shangazi kwa jeuri kwamba hayo ni mambo ya kizamani, kwamba mimi nimesoma, na kwamba hospitali haitibu kwa masharti ya bibi zetu. Akaniogesha mwarobaini hivyo hivyo, na kwa kweli ulinituliza.

Asubuhi mabaka yalikuwa yamefifia. Nikavaa gauni la mikono mirefu. Kamili akauliza maneno yake matatu, nami nikajibu hakuna, hakuna, hakuna. Sikujiona mwongo. Aliuliza habari za surua, na mimi surua sina. Nikachomwa ya nane.

Jioni ile vipele vilirudi vingi zaidi. Midomo nayo ikaanza kuwasha kwa ndani, na alfajiri niliamka mdomo wa juu umekuwa mnene. Shangazi aliutazama, akaenda kukaa kwenye kizingiti cha mlango.

"Baiskeli leo siazimi," alisema.

"Shangazi, nakuomba."

"Umekuja hapa mzima wa roho, nimepewa na mwanangu nikutunze. Siwezi kukusukuma mwenyewe kwenye kifo. Ukitaka kwenda, una miguu."

Neno hilo la miguu lilinichoma. Nikachukua fimbo, nikampita pale mlangoni bila kumuaga, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mtu mzima tangu nizaliwe. Nilikwenda nikiburura mguu. Nilipogeuka karibu na barabara kubwa nikamwona anakuja nyuma yangu, mbali kidogo, amejitanda kanga, hasemi. Tukaenda hivyo mpaka hospitalini.

Benchini alikaa upande wa pili akinitazama. Zamu yangu ikafika, nikajifunika kanga mpaka puani mdomo usionekane. "Homa?" Hakuna. "Kuharisha?" Hakuna. "Vipele?" Nikamwona Shangazi anafungua mdomo. Nikamtazama kwa macho ya kuomba, asinivunjie heshima mbele za watu, asinikatishe mguu. Akaufunga mdomo wake, na hilo analijutia mpaka leo kuliko ninavyojuta mimi.

"Hakuna," nikasema, nikaingia, nikachomwa ya tisa.

Siku nyingine zote tulikuwa tukitoka moja kwa moja, mimi juu ya baiskeli. Siku hiyo mguu ulikuwa unauma kwa ule mwendo, nikakaa benchini nipumzike. Kama ningekuwa njiani, nisingeandika haya. Kwanza viganja viliwasha, kama nimeshika pilipili, kisha masikio yakapata moto. Nilitaka kumwambia Shangazi anipe maji, nikakuta ulimi umejaa mdomo mzima. Tumbo likakata. Nikavuta pumzi, na pumzi haikuingia. Nikavuta tena, ikatoka sauti nyembamba ya filimbi, na nikaelewa vizuri kabisa, bila kupayuka wala kuota, kwamba nakufa mchana kwenye benchi, na Neema hataukumbuka uso wangu.

Kilichofuata nilikisikia kwa mbali. Ilikuwa sauti ya Shangazi, haikuwa kubwa, lakini ilifika mpaka mlangoni.

"Kamili, huyu ana vipele. Anavyo tangu juzi, mwili mzima. Kakudanganya, na mimi nikanyamaza."

Wengine walinisimulia baadaye kwamba Kamili alitupa kisahani alichokuwa nacho, akakimbilia kabatini, na hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Walinilaza chini sakafuni miguu ikiwa juu ya benchi, akanichoma sindano nyingine pajani juu ya gauni. Ninachokumbuka mimi ni moyo. Uliruka ukaanza kwenda mbio kama unafukuzwa, mikono ikatetemeka, na pumzi moja ikapenya. Kisha nyingine. Sijawahi kula kitu kitamu kama pumzi ile ya pili.

Nilirudishwa wodini, nikatafutiwa nafasi chini kati ya vitanda viwili. Alasiri alikuja daktari, na Kamili nyuma yake.

"Kwa nini hukusema?" daktari aliuliza mwenyewe, kwa Kiswahili chake.

"Nilidhani mnatafuta surua," nikasema. "Na mwenye surua hachomwi. Mngeninyima sindano, na mguu ungekatwa."

Kamili alimfasiria. Daktari akakaa kwenye ukingo wa kitanda cha jirani yangu bila hata kuomba ruhusa. Akasema maneno, na Kamili alichelewa kuyageuza.

"Anasema swali la vipele ni la dawa yenyewe. Wapo watu ambao miili yao haiitaki penisilini. Mwili unaanza kusema taratibu, kwa kuwasha na vipele. Mtu akichomwa tena, mwili unapiga kelele. Anasema ungetuambia siku ya kwanza, tungekupa dawa nyingine."

"Ipo dawa nyingine?"

"Ipo. Vidonge. Vilikuwa kabatini siku zote."

Nililia sana, wala si kwa uchungu wa mguu. Nilikuwa nimeomba kifo kwa siku mbili, nimemtukana mama wa watu, kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwapo. Kamili alivua kofia yake akaishika mkononi.

"Miaka minne nauliza vile," alisema, kama anajisemea mwenyewe. "Miaka minne, na sikuwahi kusema kwa nini."

Tangu kesho yake swali lilibadilika. Nililisikia kutoka wodini, na sauti ile hakuna ukuta unaoizuia: "Tangu uanze sindano hii, umewashwa popote? Umevimba popote? Sema, hufukuzwi. Dawa nyingine ipo."

Usidhani ngoma iliishia hapo. Vidonge vilikuwa vyeupe, vikubwa, vya kumezwa na maji mengi, na havikuwa na haraka ya sindano. Siku ya pili wekundu ulianza kupanda tena. Siku ya tatu uligusa mstari. Dawa ya zambarau ilikuwa imeanza kufutika, nami niliogopa kuoga nisije nikaufuta kabisa nikapoteza hesabu. Shangazi alikuja kila siku kutoka Nguvumali na chupa ya maji aliyoyachemsha mwenyewe, akakaa anautazama mguu. Siku ya nne wekundu ulivuka mstari upana wa kidole. Daktari aliutazama, akasema tungoje mpaka asubuhi tu.

Baba Neema alikuwa amefika siku hiyo kutoka Maramba, na alikuja na maneno ya kambini.

"Watu wanasema penisilini ni dawa ya wanaume waliotembea ovyo," aliniambia kwa sauti ya chini. "Wananicheka. Wanasema nimekuletea ugonjwa wa aibu."

"Waambie waje wauone mguu."

"Nimewaambia. Hawaamini."

"Basi acha wacheke. Mguu ukikatwa utawapelekea wauguse."

Alicheka, kisha akauficha uso wake kwenye shuka langu. Ndipo Shangazi, aliyekuwa amekaa kimya siku zote hizo, akasema naye.

"Mimi nilisema asichomwe."

"Ulisema ni surua, Shangazi," nikamwambia.

"Nilisema usichomwe."

Nilimshika mkono nikamwomba radhi kwa ile asubuhi ya mlangoni. Akasema alishasamehe tangu barabarani, asingekuwa amesamehe asingenifuata.

Asubuhi ile ya kungojea, wekundu ulikuwa palepale. Haukushuka, lakini haukupanda. Daktari alisema tungoje tena. Kesho yake ulirudi kwenye mstari, na baada ya siku tano ulikuwa umeuacha kabisa. Mguu wangu ninao. Shavu la mguu limebonyea kama mtu aliyeng'atwa, na kwenye baridi ya kipupwe huchechemea, lakini ni wangu.

Siku ya kutoka nilipewa cheti kilichoandikwa kwa wino mwekundu: mwenye cheti hiki asichomwe wala asipewe penisilini ya aina yoyote. Kamili aliniambia nitembee nacho popote, hata msalani. Nilipofika Nguvumali nikampa Shangazi anitunzie, na jioni akanirudishia kimeshonwa ndani ya kitambaa cheusi, na kamba ya kuvaa shingoni. Alikuwa amenitengenezea hirizi.

"Shangazi, mimi ni Mlutheri."

"Hirizi haiulizi dini."

"Na nikizimia, nani atakisoma, kimeshonwa pande zote?"

Alifikiri. Akachukua wembe akafumua upande mmoja. Nakivaa hivyo mpaka leo, na mchungaji wetu alipokiona nilikitoa nikamsomea kwa sauti, akanirudishia.

Haya ndiyo ninayokuomba wewe wa benchini. Ukiulizwa, jibu ulichoulizwa, na kama hujui wanauliza nini, uliza nawe. Ukiwashwa baada ya sindano au vidonge vya dawa hiyo, sema siku hiyohiyo, usingoje vififie, maana vikififia havijaondoka. Ukishachomwa, usikimbilie nyumbani. Kaa kidogo mbele ya macho yao. Usikubali kuchomwa na wale wanaopita majumbani na sindano mfukoni, kwa sababu hao hawana kabati la kukimbilia. Na kama dawa inakupenda, haikuwashi wala haikuvimbishi, maliza sindano zako zote hata ukijiona umepona. Penisilini si adui. Iliniteremshia homa siku moja, na jirani zangu wengi wa wodini ilikuwa ikiwaponya vizuri tu.

Nimebakiza jambo moja, na hili ndilo gumu kwangu kuliko yote.

Kipupwe kilipokuwa kinaisha nilikuwa bado nakwenda kufungwa bandeji, na benchini nilizoeana na mwanamke wa Pemba aitwaye Riziki. Mume wake alikuwa amemleta Tanga kwa biashara ya karafuu. Alikuwa na mtoto mchanga wa kike na jipu kwenye titi la kushoto, na alikuwa kwenye sindano ya maziwa. Tulicheka pamoja, tulishikiana mtoto kwa zamu. Nilimsimulia yote yaliyonipata, alitikisa kichwa akanionea huruma. Siku ya tano akaninong'oneza kwamba anataka kunionesha kitu. Tukaenda nyuma ya ukuta wa jiko, akafungua kanga. Vipele vilikuwa kifuani na mabegani, vilevile, vya upupu.

"Mwambie Kamili," nikasema.

"Vyangu hivi vya joto."

"Riziki, hata mimi nilisema hivyohivyo."

"Wewe ni wewe. Daktari kasema sindano zikikatika, watantia kisu. Wakinikata titi, mwanangu anyonye nini? Nimekuonesha wewe kwa kuwa wewe ni dada yangu. Usiniseme."

Nilimwapia? Hapana, ila sikukataa, na kwake hiyo ilikuwa ahadi. Nilirudi nyumbani sikula. Nilijua anachokiogopa, nilikuwa nimekiogopa kwa jina lake na sura yake. Nilijua pia kile ambacho yeye hakijui, jinsi pumzi inavyokataa kuingia.

Asubuhi alikaa karibu nami. Tukasogea, tukasogea. Kamili akasimama mlangoni, akamuuliza lile swali jipya, refu, lenye maelezo yake yote. Riziki alikuwa amejifunika mpaka kidevuni, na mkono wake mmoja ulikuwa ndani ya kanga unajikuna taratibu.

"Hakuna," alisema.

"Anavyo," nikasema. "Kifuani na mabegani. Kanionesha jana."

Benchi lote liligeuka. Riziki hakunitazama wakati Kamili alipokuwa anamwita ndani, wala nesi alipokuwa anamfunua. Alinitazama alipotoka, amekumbatia mtoto, wakati wanampeleka wodini.

"Nilikuita dada," alisema.

Alipewa vidonge, na jipu likatiwa kisu kama alivyohofia. Titi lile likakauka. Alimnyonyesha mwanawe kwa moja lililobaki, na nasikia alipata shida sana mwezi wa kwanza. Nilikwenda kumwona wodini na chungu cha uji wa mtama. Aligeukia ukutani, nikakiacha chini ya kitanda, na kesho yake nesi akanirudishia kikiwa kimejaa vilevile.

Masika mawili yamepita. Nikija Tanga kumwona Shangazi, hukutana na Riziki sokoni. Kila mara humsalimia kwa jina. Hajibu. Hupita zake kwa mwendo wake wa haraka, na mwanawe mgongoni hugeuza shingo kunitazama.